Ngazi ya Mwanachuoni na Zebaki ya Rwamagasa

Mwaka 1999 mambo mawili yalimfika mwanachuoni mmoja wa Japani. La kwanza, jarida la kimataifa la sayansi lilichapisha makala aliyoiandika pamoja na wenzake juu ya zebaki iliyopimwa katika nywele za wachimbaji wa dhahabu, wavuvi na wakazi wa Mwanza, katika nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria. La pili, aliondoka katika Chuo Kikuu cha Kumamoto, alikosomea na kutumikia kwa miaka mingi, akiwa bado profesa mshiriki. Jina lake Harada Masazumi. Alikuwa daktari wa akili na mishipa ya fahamu, na ni vigumu kumtaja mtu wa zama zake aliyemshinda kwa kujua jinsi zebaki iuharibuvyo ubongo wa mwanadamu. Ngazi ya chuo chake haikuliona hilo, au iliona ikanyamaza.

Habari hii yastahili kusomwa polepole katika Afrika ya Mashariki, kwa kuwa ngazi ya namna ile ile imesimamishwa hapa, na vijana wenye akili nyingi wanafundishwa kuipanda bila kuuliza imeegemea ukuta gani. Njia yake yajulikana. Kijana huhitimu udaktari wa tiba baada ya miaka mitano, hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi, husoma uzamili, kisha hutafuta ufadhili wa kwenda ng'ambo kwa ajili ya uzamivu. Arudipo huwa mhadhiri. Toka hapo mpaka mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa, kinachompandisha zaidi ya kitu kingine ni hesabu ya makala zake katika majarida yasomwayo na wenzake wa Boston na Stockholm. Hapana kosa katika kudai makala. Kosa ni kuzidai makala peke yake, na kazi nyingine yote ya mwanachuoni kupewa jina la huduma kwa jamii na kuwekwa mwisho wa fomu, kama chumvi pembeni mwa sahani.

Tazama jinsi Harada alivyopata elimu yake. Tarehe 1 Mei 1956 Hosokawa Hajime, mganga mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso katika mji wa Minamata, aliarifu idara ya afya kwamba umezuka ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Watoto walishindwa kutembea na kusema. Paka wa wavuvi walizunguka kama wenye wazimu. Mwaka 1959 watafiti wa Kumamoto walitangaza kwamba sababu ni zebaki ya kikaboni iliyokuwa ndani ya samaki. Hapo wakatokea maprofesa wa Tokyo, watu wenye vyeo vilivyotimia, wakadai ati sumu ni ya samaki waliooza. Serikali ya Japani haikukiri chanzo cha ugonjwa mpaka mwaka 1968. Wale waliokosea hawakushushwa vyeo kwa kukosea. Jambo hili wasemaji wa sifa za ngazi hawalitaji, wala hawapendi litajwe.

Harada alifika Minamata mwaka 1961, daktari kijana. Aliwakuta ndugu wawili wakicheza barazani kwao, wote wawili na dalili moja. Mkubwa alikuwa ameandikiwa ugonjwa wa Minamata. Mdogo aliandikiwa ulemavu wa ubongo wa kuzaliwa, kwa sababu alizaliwa na hali ile kabla hajapata kula samaki. Mama yao alikataa hesabu hiyo. Alisema kwamba samaki alikula yeye, na sumu ikamwendea mtoto aliyekuwa tumboni. Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba kondo la nyuma ni ukuta usiopitwa na sumu. Kati ya mama na vitabu, Harada aliyafuata maneno ya mama. Akachunguza watoto wengine wa namna ile, na mwaka 1962 ikathibitika kwamba mwanamke yule asiyekuwa na cheti alisema kweli juu ya ubongo wa mwanadamu, na vitabu vikasahihishwa.

Baadaye alipata ushahidi mwingine mahali ambapo mtu wa maabara asingepatazama. Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto, kikiisha kukauka, ndani ya kisanduku kidogo nyumbani. Vitovu vile vya Minamata vilikusanywa, zebaki ikapimwa ndani yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1975 katika jarida la Nature. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa kitovu: mtu huulizwa kitovu chake kimezikwa wapi, ndipo ijulikane kwao ni wapi. Huko Minamata kitovu kilitoa ushahidi juu ya aliyetiwa sumu na mwaka aliotiwa. Lakini ushahidi wa namna hiyo hauletwi chuoni na tarishi. Ulikuwa ndani ya makabati ya akina mama, na akina mama hawamfungulii kabati mtu ambaye hajapata kuketi barazani kwao.

Sasa na tuiache Japani, twende Geita na Shinyanga. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, lakini dhahabu yake ilichimbwa tangu wakati wa ukoloni, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Bulyanhulu, upande wa Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Hiyo ni migodi ya makampuni, na haitumii zebaki. Zebaki hutumika kwa wachimbaji wadogo, ambao kwa Tanzania nzima hukadiriwa kupita milioni moja: Rwamagasa, Nyarugusu, Mgusu, na Mwakitolyo katika Shinyanga. Mawe hutolewa katika duara, husagwa kwa karasha, na unga wake huoshwa mwaloni. Kisha zebaki hutiwa ndani ya beseni, ikorogwe kwa mkono mtupu, ikamate chembe za dhahabu. Bonge lipatikanalo hukamuliwa katika kitambaa na kuwekwa juu ya makaa. Zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki.

Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, toka mapafuni huingia damuni, toka damuni huingia ubongoni, na ukiisha kuingia huko hautoki upesi. Mikono hutetemeka, mwendo hupepesuka, kumbukumbu hupungua, usingizi hukimbia, hasira huwa karibu. Hapo ndipo elimu ya mishipa ya fahamu inapohitajiwa kuliko mahali pengi duniani, kwa maana dalili hizi zote zina tafsiri nyingine iliyo rahisi zaidi. Mtu atetemekaye mikono huitwa mlevi. Mtu apepesukaye huitwa mlevi. Mtu asahauye na kugombana na mkewe huitwa mlevi aliyekubuhu. Pengine ni mlevi kweli, na pengine ni mlevi na tena ametiwa sumu. Wa kutenganisha haya mawili ni mtu aliyefundishwa kuutazama ubongo kwa kuitazama mikono na miguu ya mwenye ubongo huo.

Mwaka 2003, katika mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki, kikundi kilichoongozwa na daktari wa Munich, Stephan Bose-O'Reilly, kilifanya kazi hiyo Rwamagasa. Walipimwa watu 180 wa hapo, na watu 31 wa Katoro wasioishi na zebaki, ili pawepo kipimo cha kulinganisha. Damu, mkojo na nywele vilichukuliwa. Watu waliambiwa wafumbe macho na kugusa ncha ya pua kwa kidole. Waliambiwa watembee kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Walipewa njiti za kiberiti wazipange ndani ya kisanduku chake huku saa ikihesabu. Walisomewa tarakimu wazirudie kwa kumbukumbu. Miongoni mwa wachomaji 99, watu 25 walionekana kuwa na ugonjwa wa sumu ya zebaki. Robo nzima. Na hiyo ni kazi ya vifaa ambavyo, ukiondoa vya kupimia damu na nywele, vyapatikana katika duka lolote la Katoro.

Makala kuu ya uchunguzi huo ilitoka mwaka 2010, ingawa ripoti ya mradi ilitangulia. Mtoto aliyezaliwa Rwamagasa mwaka nywele zilipokatwa alikuwa amefikia umri wa darasa la kwanza wakati makala yalipochapwa, na yalichapwa kwa Kiingereza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, nao walifanya kazi ya kustahili heshima. Harada alikuja, na wa Munich walikuja. Wala si kwamba wenyeji walilala. Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanajiolojia, alishirikiana na Hirokatsu Akagi wa Minamata tangu miaka ya 1990 kupima zebaki katika udongo, maji, samaki na watu wa nchi hii ya dhahabu. Mwenye elimu ya mawe aliuona mto mpaka mahali mto unapomfikia mwanadamu. Toka hapo kuingia ndani ya fuvu ni kazi ya mwenye elimu ya ubongo, na hapa ndipo ngazi inaposimama mlangoni na kumzuia. Kwa maana mwenyeji apendaye kuifanya kazi ya Rwamagasa lazima arudi kwa watu wale wale mwaka baada ya mwaka, awajue kwa majina, afuate watoto waliozaliwa karibu na makaa mpaka wafike shule ya sekondari. Kazi hiyo hutoa makala moja kwa miaka saba au kumi. Mwenzake aliyebaki mjini akachambua takwimu alizopelekewa na washirika wa ng'ambo atakuwa na makala kumi na mbili, jina lake likiwa la tisa katika orodha ya majina ishirini, naye atakuwa profesa. Hapana aliyedanganya, wala hapana aliyevunja sheria. Kanuni zenyewe ndizo zilizomwambia asiende Geita.

Watetezi wa ngazi wana majibu, na haki yataka yasikizwe. Husema kwanza kwamba sayansi ni moja duniani, na anayetaka ipimwe na walimwengu sharti aipeleke mahali walimwengu walipo. Hili ni kweli. Harada mwenyewe aliipeleka kazi yake huko. Kama asingefanya hivyo, hata maneno ya mama wa Minamata yangebaki barazani. Lakini hoja hiyo yathibitisha kwamba makala ya kimataifa yafaa kuwapo. Haithibitishi kwamba yatosha. Mtu akisema chumvi ni lazima katika chakula hajasema chumvi ndiyo chakula.

Husema tena kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Msemo huu ni wa zamani, na uzee wake haujauongezea busara. Zebaki ni neno la Kiswahili, lililopokewa toka Kiarabu na kukaa nchini kabla ya karasha la kwanza kufika Geita. Neva wanazijua wanafunzi wa sekondari. Na jina mishipa ya fahamu, litumiwalo na kila mgonjwa aendaye hospitali akieleza ganzi ya miguu, lasema wazi kwamba ndani ya mwili mna njia na kwamba kinachopita ndani yake ni fahamu. Lugha nyingi kubwa hazikupata jina zuri kama hilo. Tena si kweli kwamba majarida ya ulimwengu huyakataa maneno ya Afrika. Mwaka 1985 watu wengi wa Tarime walipooza miguu ghafula kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vema wakati wa njaa. William Howlett na wenzake, miongoni mwao Nicholas Mlingi na Hans Rosling, waliueleza ugonjwa huo mwaka 1990 katika jarida la Brain, na jina waliloliweka juu kabisa ni konzo. Ni neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Wanavijiji waliona, wakaita, na wataalamu wa ubongo duniani kote wakatamka.

Lakini iko hoja yenye nguvu zaidi juu ya lugha, na ajabu ni kwamba yatoka ndani ya elimu ya ubongo yenyewe. Kipimo kile cha kurudia tarakimu ni cha kawaida katika kupima kumbukumbu. Mwaka 1980 N. C. Ellis na R. A. Hennelly walionyesha kwamba watu wa Wales wasemao lugha mbili hukumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi kuliko kwa Kiingereza, wala si kwa upungufu wa akili, ila kwa kuwa majina ya tarakimu katika Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Kumbukumbu ya muda mfupi hushika kile kiwezacho kutamkwa kwa kitambo kidogo. Hebu sasa hesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa. Karibu kila moja ina silabi mbili au zaidi, ilhali za Kiingereza karibu zote zina moja. Ongeza tena kwamba mchimbaji wa Mwakitolyo au Rwamagasa mara nyingi alianza kuhesabu kwa Kisukuma. Mtafiti atakayechukua kiwango cha kitabu cha London akakitia juu ya kichwa cha mtu huyu atampata na ugonjwa asio nao. Kikundi cha Munich kiliweka watu wa Katoro wa kulinganisha nao, na huo ndio ulinzi uliofaa. Lakini viwango vya kudumu vya kumbukumbu kwa wasemaji wa Kiswahili na Kisukuma, vya vijana na wazee, vya waliosoma na wasiosoma, ni kazi ya miaka mingi inayomtaka mwenye elimu ya ubongo akae meza moja na mwenye elimu ya lugha. Kwa kazi kama hiyo chuo hakina kisanduku katika fomu. Idara ya tiba itasema ni isimu, na idara ya lugha itasema ni tiba.

Husema mwisho kwamba mwanachuoni si bwana afya. Kwamba kazi yake ni kuvumbua, na kuenenda nyumba kwa nyumba kuwaonya watu ni ya wengine. Maneno haya yangekuwa na nguvu kama uvumbuzi na kuenenda nyumba kwa nyumba vingekuwa vitu viwili. Makala yale ya mwaka 1999 yanatosha kuyajibu. Harada na wenzake walikuja ziwani wakitafuta zebaki ya dhahabu na ya samaki. Waliiona ya dhahabu, dalili nyepesi miongoni mwa wachimbaji. Lakini kwa baadhi ya watu waliokuwa na zebaki nyingi katika nywele, sababu iliyoonekana haikuwa mwalo wala samaki: ilikuwa sabuni ya kuogea iliyotiwa zebaki, ya namna inunuliwayo na wanaotaka kuifanya ngozi yao iwe nyeupe. Nani angeiona sabuni hiyo toka maabara? Nywele zingesema zebaki imo, na mtaalamu angeandika kwa haraka kwamba ni ya mgodi, na kila mtu angekubali kwa kuwa mgodi uko karibu. Sabuni huonwa na mtu aliyefika mahali watu wanapooga, akauliza.

Basi kinachodaiwa hapa si huruma kwa wachimbaji. Huruma imekwisha kuandikwa sana. Kinachodaiwa ni kwamba kamati za vyeo zikubali kupima kile zinachosema zinakipima. Kama cheo cha profesa wa mishipa ya fahamu ni ushahidi wa kuujua ubongo, basi yule aliyewafuata wachomaji wa Rwamagasa kwa miaka kumi anaujua ubongo kwa namna ambayo jina la tisa katika orodha haliwezi kuijua, na hesabu imtangulize. Taarifa yake ya Kiswahili kwa watu waliotoa nywele na damu ihesabiwe kuwa andiko la kitaalamu, si kijikaratasi. Wapinzani watauliza nani atahakikisha ubora wake, na swali hilo ni zuri: na isomwe na wakaguzi wawili, mmoja wa tiba na mmoja wa lugha, wenye haki ya kuikataa. Kuna maandishi mengi ya Kiingereza yaliyopandisha watu vyeo bila kupata wasomaji wakali wawili.

Harada hakungoja kamati. Baada ya kutoka Kumamoto alihamia Chuo Kikuu cha Kumamoto Gakuen, na huko, mwaka 2002, alianzisha masomo aliyoyaita elimu ya Minamata, ambamo wagonjwa wenyewe walisimama mbele ya wanafunzi wakifundisha. Alifariki tarehe 11 Juni 2012. Mwaka uliofuata mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa kupunguza zebaki duniani na kuupa jina la mji ule wa wavuvi. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo wataka nchi zenye wachimbaji wadogo ziwe na mpango wa kulinda afya zao. Mpango huo utatekelezwa na nani, kama kijana mwenye elimu ya ubongo ameambiwa tangu siku ya kwanza ya ajira yake kwamba Geita haihesabiwi?

Zamani alikuwa na udhuru wa njia. Mtu aliyetoka Bugando, Mwanza, penye hospitali kubwa na chuo kikuu cha tiba, alisimama saa nyingi akingoja kivuko. Tangu Juni 2025 magari yapita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, kilomita tatu za saruji juu ya maji, na mhadhiri aweza kutoka kwake alfajiri, apime mikono ya wachomaji Rwamagasa mchana kutwa, na kulala kwake usiku huo. Kilichobaki ni safari hiyo kupewa mstari wake katika fomu.